Mjomba, kabla hujapanda mikaratusi

Mjomba, shikamoo.

Uliponipigia juzi kuhusu mikaratusi unayotaka kupanda kwenye kinamasi cha babu, nilinyamaza. Leo nina la kusema, na nalisema hadharani kwa sababu wenye vinamasi ni wengi.

Jumamosi asubuhi niliingia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, nikakaa garini kando ya Bwawa la Hyena mpaka jua likawa kali. Nilikuwa namtazama bata domo-njano. Wale wetu wa nyumbani wenye vinundu vyekundu usoni asili yao ni Amerika Kusini. Huyu ndiye mwenyeji. Mdomo wake una rangi ya ndizi mbivu, na juu yake umepita weusi kama aliyepakwa masizi. Manyoya ya kifuani ni ya kijivu, kila unyoya umezungushiwa ukingo mweupe, hata ukimtazama kwa darubini utadhani ana magamba. Alipojinyoosha bawa, niliona kipande cha kijani kinachong'aa kama hariri. Nilishusha darubini nikashusha pumzi.

Anapokula, kichwa kinaingia majini na mkia unabaki juu, miguu ikipigapiga asipinduke. Anatafuta mbegu, majani na wadudu wadogo pale shingo yake inapofika. Kwa hiyo maji ya kina kifupi ndiyo sahani yake, na hayo ndiyo mkaratusi huyamaliza kwanza.

Matete nayo usiyaone magugu. Jike hutaga chini, kwenye nyasi nzito karibu na maji, na hulalia peke yake karibu mwezi mzima. Isitoshe, bata hawa hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo, wakakaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Mbwa akija wakati huo, watajificha wapi?

Uliwahi kuniambia kwamba mlipokuwa wadogo mlikuwa mkiamshwa na milio ya bata kutoka kule bondeni. Sijaisahau sauti yako ulivyokuwa ukisimulia.

Nakuomba mikaratusi uipande juu kule kwenye mteremko, mbali na maji, na ule ukanda wa matete uuache kama ulivyo. Mvua za Aprili zikianza nitakuja na darubini. Tutakaa pale kwenye jiwe la babu, unionyeshe walikokuwa wakitua.

Msalimie shangazi.

Mpwa wako, Nairobi