Asante kaka wa Mabatini

Kaka uliyenikuta Jumamosi nimeinamia baiskeli pale Mabatini, jina sikukuuliza, nisamehe. Shokapu yangu ya mbele, ya kizamani, ilikuwa inagonga kila jiwe nikishuka Bugando (na mawe ya Mwanza mnayajua), kisha inaruka kama chura. Mimi nikalaumu springi. Ukaifungua, ikatoka oili nyeusi tii, nyepesi kama maji. Ukanielewesha: springi inabeba uzito tu, kinachotuliza mruko ni oili kujipenyeza kwenye vitundu vidogo. Ukabadilisha sili (mpira wa kuzuia oili isivuje), ukatia oili ya shokapu za pikipiki, namba 10, iliyo nzito zaidi, badala ya 5. Hela ukakataa, ukapokea soda. Sasa nashuka bila mikono kufa ganzi. Ukipita tena, sato wako yupo.