Barua ya kufunga muhula kwa wazazi wa darasa la kwanza na la pili

Ndugu wazazi na walezi, salaam.

Ijumaa hii tunafunga shule, ripoti mtoto atakuja nayo kwenye begi, isomwe na isainiwe. Ila kuna jambo la hesabu nataka tuongee vizuri maana wengi mmeniuliza, mbona mtoto anahesabu mpaka mia bila kukosea alafu kwenye swali la kujaza namba zinazokosekana anatoka kapa?

Kuhesabu kwa kuimba ni kitu kimoja na kuona mpangilio wa namba ni kingine kabisa. Mtoto akikutana na 2, 4, 6, ___ mara nyingi anaandika 7, kwasababu kwenye kuimba baada ya sita inakuja saba, hajaangalia zile za nyuma zimeendaje. Na yupo anayeandika 8 mkafurahi wote, ukimpa 3, 5, 7, ___ anakwama, kumbe ile mbili nne sita nane alikariri tu. Ndo maana walimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) sasa hivi hawaishii kwenye vema na kosa, wanamuuliza "umejuaje?", na mtoto akisema "zinaongezeka mbili mbili" hapo kaelewa, hata kama kwenye kujumlisha kateleza.

Panaposumbua zaidi ni kuvuka mia. 70, 80, 90, 100, alafu anaandika 200! Jamani huo sio uzembe, kaona sifuri zimekuwa mbili basi anadhani sasa tunaenda mia mia. Hapo chati inasaidia sana, chora nyuma ya kalenda ya zamani mistari kumi, kila mstari namba kumi, 1 mpaka 100. Akishuka kutoka 4 anakuta 14, 24, 34, anaona mwenyewe kila akishuka ni kumi imeongezeka. Ukishamaliza ongeza mistari miwili tena mpaka 120, na hapo chini ya 100 atakuta 110 imekaa.

Vitabu vya likizo sijawaambia mnunue, vitu vya kufundishia viko humohumo ndani. Wa darasa la kwanza anzeni na vizibo, viwili vya soda kimoja cha maji, viwili vya soda kimoja cha maji, muulize kinachofuata ni kipi, namba zije baadae. Mwenye duka la mayai, trei moja ni 30, mbili 60, tatu 90, mwacheni mtoto aendelee. Kwenye kalenda, Ijumaa ikiwa tarehe 3 zinazofuata ni 10, 17, 24, zinaruka saba saba. Na nyumba yenye bao msiwafukuze watoto pale barazani, bao lina mistari minne ya mashimo manane, 8, 16, 24, 32, ukiweka kete mbili mbili kila shimo unapata 64, babu akae na mjukuu wahesabu pamoja. Msisahau na kurudi nyuma, 20, 18, 16, maana huko ndo wanapotea wengi.

Ninachowaomba sana sana, akinyamaza msimpe jibu na wala msimkaripie, huo ukimya anafikiri. Muulize tu "kutoka hii kwenda hii imeongezeka ngapi?" Alafu mpe zamu na yeye atunge mpangilio wake, wewe mzazi ndo ujaze, wanapenda mno na ukimsikiliza anavyokusahihisha utajua kashika au bado.

Shule tunafungua Julai. Kila mtoto aje na vizibo 20 vilivyooshwa, tunaviweka kwenye kona ya hesabu, na zile chati mlizochora wazilete pia tutazibandika darasani. Mwenye swali mwalimu wa zamu atakuwepo ofisini asubuhi, karibuni.

Wenu,
Mwalimu Mkuu