Malalamiko kuhusu lenzi yangu ya milimita 300 iliyoharibiwa katika karakana yenu, na dharau niliyofanyiwa kaunta

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Ninakuandikia kwa heshima zote, ingawa heshima hiyo mimi sikubahatika kuipata nilipokuwa mbele ya kaunta yenu. Fomu ya kazi mnayo, nakala ya stakabadhi mnayo, na sera yenu ya dhamana ya matengenezo mnaijua kuliko mimi kwa kuwa ninyi ndio mlioiandika, kwa hiyo sitapoteza muda kuyarudia hayo. Nilileta lenzi ya Nikkor ya milimita 300, yenye tundu la mwanga la f/4.5, ya mfumo wa AI (si akili bandia, bali njia ya lenzi kuijulisha kamera ukubwa wa tundu lake) ambao Nikon waliuanzisha mwaka 1977, ikiwa na tatizo moja tu: grisi ya ndani ilikuwa imekauka na pete ya fokasi imekuwa nzito. Nimerudishiwa lenzi ambayo pete yake inateleza vizuri kabisa na ambayo haioni tena kitu chochote kilicho mbali. Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, isiyoona mbali, ni ya kazi gani?

Niseme kilichofanyika ndani yake, kwa sababu mhudumu wenu aliamua, bila kuniuliza, kwamba sijui ninachokizungumzia. Pete ya fokasi ya lenzi ya aina hii husogeza vioo mbele na nyuma kwa hesi, yaani nyuzi kama za skrubu, zenye mianzo kadhaa, na fundi anayezitenganisha ili aondoe grisi ya zamani hutakiwa kwanza aweke alama mahali hasa zinapoachana, kwa sababu zikirudishwa kwa mwanzo usio wake zitaingia bila kukwaruza, pete itazunguka bila kukwama, na kila kitu kitaonekana salama, isipokuwa vioo vitakuwa vimekaa mbele kidogo ya mahali pake. Kidogo hicho si kidogo. Kwenye lenzi ya milimita 300, milimita 1.5 za ziada zinatosha kuifanya fokasi iishie takriban mita 60, na hapo ndipo inapoishia yangu. Nimeifunga kwenye tripodi kwa kola yake yenyewe, nikakuza picha kwenye skrini hadi mwisho, nikazungusha pete mpaka ikagota kwenye ile alama ya nane iliyolala, ya umbali usio na mwisho, na mwezi, ambao kabla lenzi haijapita mikononi mwenu ulikuwa ukionyesha mashimo yake waziwazi, umebaki doa jeupe.

Sasa nije kwenye kaunta. Nilimweleza mhudumu wenu haya yote kwa utulivu na nikamkabidhi lenzi pamoja na fomu. Fomu hakuisoma. Alivua kifuniko cha nyuma, akaifunga lenzi kwenye kamera ya dukani, akamlenga mwenzake aliyesimama upande wa pili wa ukumbi, akazungusha pete, akapiga picha, akanigeuzia skrini na kusema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: “Mzee, hii haijifokasi yenyewe kama simu. Inabidi uizungushe.” Watu wakacheka. Kisha akaifungua, akaisukuma kwangu juu ya kaunta kwa ncha za vidole, na akamwita mteja aliyefuata huku mimi nikiwa bado nimesimama pale.

Jaribio hilo lenyewe ni aibu kwa karakana ya kamera. Nimelalamika kwamba lenzi haifiki mbali, nanyi mnaipima kwa mtu aliye ndani ya ukumbi uleule. Ni sawa na kumpima macho mtu asiyeona ubao kwa kumwekea gazeti mkononi.

Wala tatizo hili sikulikuta nyumbani nikiwa nimetulia. Nililikuta uwanjani, kazini, katikati ya mechi ya mpira niliyokuwa nimekubali kuipiga picha. Mtu anayepiga michezo kwa lenzi ya kuzungusha kwa mkono hamfukuzi mchezaji kwa pete. Huchagua mahali, huweka fokasi hapo mapema, huweka kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde, na kumsubiri mchezaji aingie mwenyewe. Mpira ulipokuwa upande wangu kila kitu kilikuwa sawa, hata nikaufurahia ulaini wa pete na kumshukuru fundi wenu moyoni, shukrani ambayo sasa naiondoa. Ulipohamia goli la mbali, mita 100 hivi kutoka nilipokuwa nimekaa, pete iligota na jezi zikabaki mabaka ya rangi. Mabao yote yalifungwa huko. Walioniagiza picha hawakutaka kusikia habari za hesi, na sioni kwa nini wangetaka.

Nilipopiga simu, na hii ilikuwa kabla sijaja mwenyewe kaunta, niliambiwa kwamba kosa ni la adapta ninayotumia kuifunga lenzi kwenye kamera yangu ya kidijitali. Nilifanya ambalo karakana yenu ilipaswa kulifanya: niliivua adapta na kuifunga lenzi moja kwa moja kwenye kamera yangu ya filamu yenye mdomo wa Nikon F, pale lenzi inapofungwa, ambao umbali wake hadi kwenye filamu umekuwa milimita 46.5 tangu mwaka 1959 na haujali maoni ya mtu yeyote. Picha iliyogawanyika katikati ya kitazamio, ambayo nusu zake huungana fokasi ikikaa sawa, haikuungana kwa kitu chochote cha mbali. Adapta ileile, nikiifunga na lenzi nyingine ya mdomo huohuo, inafika mbali bila shida. Niliporudi kwenye simu na majibu hayo, ushauri ukabadilika: nibane tundu hadi f/11, “itakuwa sawa tu”. Haiwi sawa. Fokasi ikiwa imegota mita 60, ukibana hadi f/11 eneo lenye ukali linaishia takriban mita 77 kwa kipimo cha ukali kinachotumiwa kwa fremu ya milimita 35, na kwa ongezeko hilo dogo unatoa sadaka stopu mbili na nusu za mwanga, na kila stopu hukata mwanga kwa nusu, yaani kasi ya 1/1000 inaporomoka hadi chini ya 1/200, wakati kila anayeishika lenzi ya 300 mkononi anajua kwamba chini ya 1/300 anajitafutia picha iliyotikisika. Ushauri wa namna hiyo hutolewa na mtu anayetaka simu ikatike.

Narudi kwenye kaunta, Ndugu Meneja, kwa sababu nilipokuwa nikiisimulia hapo juu nilijizuia, na sioni tena sababu ya kujizuia. Alipovua kifuniko cha nyuma, dole gumba lake lilitua katikati ya kioo. Nilimwonyesha alama ya mafuta aliyoiacha, naye akaifuta kwa pindo la shati lake. Kitambaa chake cha kufutia lenzi, kile laini mnachokiuza ninyi wenyewe, kilikuwa kimening'inia nyuma ya kichwa chake. Baada ya kusema yale maneno, “Mzee, hii haijifokasi yenyewe kama simu”, hakuishia hapo. Alimgeukia yule mwenzake akayarudia polepole, akizungusha vidole hewani kuonyesha jinsi pete inavyogeuzwa, na kicheko cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliinamisha macho kwa kunionea haya. Msimamizi wenu alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana. Alisikia, akanitazama usoni, akaingia ndani na kufunga mlango. Nimekuwa nikizungusha pete za fokasi tangu kabla mhudumu yule hajazaliwa, na mlango ule uliofungwa umeniudhi kuliko lenzi yenyewe, maana kijana anaweza kusingizia ujana, lakini msimamizi alikuwa na nafasi ya kusema neno moja na akachagua kitasa.

Nilipoikagua lenzi kwa tochi baada ya hapo nilikuta mengine. Kioo cha nyuma kina mistari miembamba ya kuzunguka mahali pale palipofutwa, na kama shati lile lilikuwa na vumbi, basi ulioguswa ni utando wa kioo wa kuzuia mng'ao, na mikwaruzo yake haifutiki tena wala utando wenyewe haupakwi upya mezani. Skrubu mbili za mdomo zimeliwa vichwa na bisibisi isiyo ya saizi yake. Vibati vinavyofungua na kufunga tundu, ambavyo vilikuwa vikavu kabisa nilipowaletea, sasa vina mng'ao wa mafuta, jambo linaloniambia kwamba grisi mpya iliwekwa bila kipimo na imeanza kutambaa. Vibati vikishalowa huwa vizito kurudi, na picha zitaanza kutoka moja nyeupe na nyingine nyeusi. Kwenye fomu yenu fundi ameandika “imejaribiwa, iko sawa”. Ilijaribiwa wapi? Kwa kutazama nini?

Nilipoanza kuiandika barua hii nilikusudia kuomba jambo moja tu, kwamba hesi zifunguliwe tena na kurudishwa mahali pake bila malipo. Sasa naona hilo halitoshi. Ninadai kazi hiyo irudiwe na fundi mwingine, si yuleyule, vibati vioshwe, skrubu zilizoliwa zibadilishwe, na lenzi ipimwe nje ya jengo, kwa kitu kilicho mbali kweli, nikiwa nimesimama pembeni yake. Ninadai fedha zote nilizolipia matengenezo ya kwanza zirudishwe, kwa sababu mliuza huduma ambayo hamkuitoa. Ikithibitika kwamba kioo cha nyuma kimechubuka, ninadai lenzi nyingine ya aina hiihii na hali ileile iliyokuwa nayo yangu. Msinipe lenzi ya kisasa ya autofokasi kwa bei ya kunihurumia, kama yule wa kwenye simu alivyodokeza, kwa kuwa sikuja kwenu kununua huruma. Na ninadai barua ya kuomba radhi yenye saini mbili, ya mhudumu na ya msimamizi wake.

Nilikuwa tayari kusamehe ile kazi ya mpira niliyoipoteza. Baada ya kukumbuka kicheko cha pili, siisamehe. Nitawaletea hesabu yake kwa maandishi, na mtailipa pamoja na hayo mengine.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitaipeleka lenzi kwa fundi mwingine anayeaminika, nitachukua taarifa yake kwa maandishi kuhusu hesi zilivyofungwa, na nitaiwasilisha kwa mamlaka ya kutetea walaji, na ikibidi mahakamani, pamoja na fomu yenu inayosema “iko sawa”. Picha za mwezi za kabla na za baada ninazo katika faili zake halisi, zikiwa na tarehe na saa, zimepigwa kwa kamera ileile na tripodi ileile, na mtu yeyote asiyejua hata jina la lenzi anaweza kuona tofauti. Picha hizo zitawekwa mahali ambapo wapiga picha wote wanaofikiria kuwapelekea lenzi zao za zamani watazikuta kabla hawajaifikia kaunta yenu.

Nimewapa heshima ya kuwaandikia kwanza. Msinipigie simu, kwa sababu simu zenu nimekwisha kuzisikia. Jibu nalotaka ni la karatasi, lenye jina na cheo cha aliyeliandika, na lianze kwa kueleza ni kwa nini msimamizi alifunga mlango.

Wenu katika kudai haki,

Mteja mwenye lenzi ya milimita 300
(namba ya fomu ya kazi mnayo)