Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: siku za vita zisihesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekuandikia kupitia ofisini, sikujibiwa. Sasa naandika mbele ya watu.

Wiki hii sisi wanafunzi wa uzamivu tumeletewa barua mbili. Moja inatualika kwenye semina ya kutuongezea ari ya utafiti wakati wa vita. Nyingine inaonya kwamba atakayepitisha muda wa usajili bila kuwasilisha tasnifu atafutwa. Mheshimiwa, hiyo ya pili ndiyo inayotuvunja moyo.

Vita vilipoanza ulituahidi hadharani kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kuchelewa, na posho ya utafiti haitakatwa. Posho ilikoma. Msimamizi wangu yuko uhamishoni, ananisahihishia sura za tasnifu kwa ujumbe wa sauti, usiku, mtandao ukipatikana. Umeme ulipokatika, dizeli ya jenereta nayo ikaisha. Nilipofungua jokofu la sampuli, lile la nyuzi 80 chini ya sifuri, nilikuta vichupa vimelala majini na lebo zimebanduka. Sikujua tena damu ipi ni ya mgonjwa yupi. Miaka ya kazi imekwenda hivyo. Nahisi dizeli ilipelekwa kwingine, maana hadi leo hakuna aliyenieleza. Na fomu ya chuo ya maendeleo ya masomo bado inaniuliza kwa nini nimechelewa, tena imeniachia mstari mmoja wa kujibu!

Watu wamewahi kusoma vitani wakafika mbali. Japani ilipoivamia China mwaka 1937, vyuo vikuu vya Peking, Tsinghua na Nankai vilihama, vikaungana, na kuanzia 1938 hadi 1946 vikafundisha mjini Kunming, mji uliokuwa ukipigwa mabomu, katika madarasa ya kuezeka kwa bati. Chen Ning Yang na Tsung-Dao Lee walisoma pale, na mwaka 1957 wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Waliohama walihama na walimu wao. Sisi tumetawanyika kila mtu na lake, na aliyebaki anaitwa mzembe.

Wenzangu wanaacha masomo, Mheshimiwa. Mmoja alibakiza sura moja tu. Mabomu aliyavumilia; alichoshindwa ni kuandika huku akijua jina lake litafutwa kabla hajamaliza.

Ningeweza kukuomba posho, umeme, na mahali salama nje ya nchi pa kutunzia data zetu. Hayo yote tunayahitaji, na uliyaahidi. Lakini leo naomba moja: toa waraka wenye sahihi yako, kwa kila chuo, kwamba siku za vita zisihesabiwe katika muda wa usajili. Semina inaweza kungoja. Waraka hauhitaji bajeti. Siku za vita zisihesabiwe, Mheshimiwa, na waraka huo utoke kabla majina hayajaanza kufutwa mwisho wa muhula huu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamivu