Anayekwenda Istanbul aelezwe mitego ilivyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wasomaji wanaojiandaa kwenda Istanbul, wawe wanakwenda kutembea, kufunga mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, au kupita tu wakielekea Ulaya. Sisi tunaokata tiketi tunasikia wasafiri wakiagwa kwa maneno yale yale: "Kuwa makini na wezi." Mtu akishaambiwa hivyo anakumbatia begi lake njia nzima, halafu analizwa na kijana mpole aliyemsaidia kununua kadi ya treni. Istanbul si mji wa kukabwa kabwa. Hela ya mgeni mara nyingi hutoka kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ana haraka au anaona haya kukataa. Kila utapeli una hatua zake, na anayezijua anajua pia pa kuchomokea.

Hasara ya kwanza huanzia nyumbani, kwenye viza. Ukiitafuta mtandaoni, kurasa za juu huwa za mawakala wanaoiga mwonekano wa serikali na kutoza ada yao juu ya ada halali. Tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uturuki ni evisa.gov.tr, basi. Masharti hutofautiana kwa pasipoti ya kila nchi, hivyo ingiza nchi yako na aina ya pasipoti hapo, usitegemee jibu alilopewa jirani yako.

Ya pili ni viwanja vya ndege. Istanbul ina viwili vikubwa: IST upande wa Ulaya, na Sabiha Gökçen, kwa kifupi SAW, upande wa Asia. Kati yake ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na foleni za mji ule ni za kweli. Mtu ananunua tiketi mbili za bei nafuu, moja ya kufika IST na nyingine ya shirika la ndege la Pegasus inayoondokea SAW, akidhani anabadilisha ndege tu. Kumbe kwa tiketi mbili zisizounganishwa lazima apite uhamiaji, achukue mabegi, avuke mji na kuyakabidhi upya. Asiye na viza haruhusiwi kutoka, na ndege ya pili inaondoka bila yeye. Kabla ya kulipa, soma herufi tatu za kiwanja kwenye kila kipande cha safari. Zikitofautiana na huna budi kuinunua, acha saa sita katikati, na viza uwe nayo mkononi.

Kutoka IST kwenda mjini, treni ya M11 iliyofunguliwa Januari 2023 inakufikisha Gayrettepe. Hapo unahamia M2: Osmanbey na Taksim ziko njiani, na kwa Laleli unashuka Vezneciler, kisha unatembea. Treni hazikeshi siku za kawaida, kwa hiyo anayetua usiku wa manane apande basi la Havaist la kwenda Taksim. Kadi ya usafiri inaitwa Istanbulkart, inanunuliwa kwenye mashine. Pale kwenye mashine za katikati ya mji ndipo anapotokea yule msaidizi. Anachukua noti yako, anabonyeza haraka haraka kwa Kituruki, anakupa kadi. Kadi ni kuukuu, ina salio la safari moja au haina kitu, na noti yako amebaki nayo. Mashine ina Kiingereza, bonyeza mwenyewe. Ukipanda Marmaray, treni inayopita chini ya bahari, jua kwamba geti la kuingilia linakata nauli ya njia nzima. Ukishuka mapema, gusisha kadi kwenye kimashine chenye neno "iade" ili urudishiwe kilichozidi. Wageni wengi huvipita vimashine hivyo bila kujua kazi yake.

Teksi ndiyo inayolalamikiwa kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Teksi halali ina namba inayoanza na 34 T, na mita yake mara nyingi iko ndani ya kioo cha dereva cha kutazamia nyuma, tarakimu nyekundu zinazong'aa. Sisi tumezoea kupatana bei kabla ya kupanda, na Istanbul mazoea hayo yanatuponza, maana dereva anayekutajia bei ya jumla ameshaipandisha. Dai mita, akisema mbovu, shuka. Fungua ramani kwenye simu na uiweke mahali anapoiona, hilo peke yake hufupisha njia. Ada ya daraja anailipa abiria, hivyo nyongeza hiyo isikushtue ikiwa kweli mmevuka.

Mchezo wenyewe uko kwenye kulipa. Noti za lira ziko sita, za 5, 10, 20, 50, 100 na 200, na zote zina sura ya Atatürk upande wa mbele. Unatoa 200, dereva anaishusha chini ya usukani, anainua 20 na kukuonyesha kwa masikitiko: "Umenipa ishirini." Wewe mgeni, umechoka, hela huzijui vizuri, unaanza kujitilia shaka mwenyewe, unaongeza nyingine. Dawa yake ni kuiinua noti usawa wa macho yake na kuitaja kwa sauti, "iki yüz", yaani mia mbili, kabla hujaiachia. Zaidi ya hapo, mabegi yatoke kwenye buti kwanza, malipo yafuate. Mtu mwenye mzigo ndani ya gari hana nguvu ya kubishana. Ombi la risiti, "fiş", huwapoza wengi. Piga picha ya namba ya gari, na malalamiko yapeleke kwa manispaa, simu 153.

Kubadilisha fedha, subiri ufike mjini. Bureau za kiwanjani hutoa kiwango kibaya, badilisha hapo cha kukufikisha hotelini tu. Zile za kuzunguka Kapalıçarşı, soko kubwa la kale, zinashindana na ni jirani mno na Laleli. Ubao una safu mbili: "alış" ni bei wanayonunulia dola yako, "satış" ni wanayouzia. Mwenye dola anaangalia alış. Tapeli atakuonyesha satış kwa kidole halafu akulipe kwa alış, na pengo kati ya safu hizo likiwa pana, duka hilo liache. Ukitoa kwa ATM, tumia iliyo kwenye ukuta wa benki na saa za kazi, ili ikimeza kadi uingie ndani ukaidai. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa fedha ya kwenu, kataa, chagua lira. Kiwango cha mashine ni cha kujinufaisha wenyewe.

Mitaani kuna michezo ambayo kila mkazi anaijua. Mng'arisha viatu anadondosha brashi mbele yako karibu na daraja la Galata, unaiokota kwa uungwana, naye kwa "shukrani" anakung'arishia viatu kisha anataja bei. Acha brashi ilale. Sultanahmet, mtaa wa kale wa watalii, kuna wanaouza tiketi za Msikiti wa Bluu. Ule msikiti ni bure, isipokuwa hufungwa kwa watalii nyakati za swala. Ayasofya, yaani Hagia Sophia, ndiyo yenye kiingilio kwa watalii wa kigeni, euro 25 tangu Januari 2024, na tiketi hiyo ni ya roshani ya juu. Chini pameachwa kwa ajili ya swala.

Wa hatari zaidi ni mwaliko wa Taksim, na mlengwa ni mwanamume anayetembea peke yake jioni. Mtu nadhifu anakuomba kiberiti, anasema naye ni mgeni, labda wa Cyprus, mnazungumza mpira, anajua mahali pazuri pa kunywa. Mkikaa, wanawake wanaongezeka mezani na vinywaji vinakuja bila kuagizwa. Bili inaletwa ikiwa ya mamia ya dola, mlangoni wamesimama wanaume wawili, na usipokuwa na taslimu unasindikizwa hadi ATM. Sehemu ya kuchomoka ni kabla ya mlango: sema utakaa naye, ila mahali unapochagua wewe. Tapeli hatakubali, kwa sababu mapato yake yanatoka kwa baa ile moja. Kwa jumla, mgahawa au baa isiyoonyesha bei mlangoni usiingie. Sheria yao inataka bei zionekane. Na samaki wa kupimwa kwa kilo, uliza bei na uone mzani kabla hajapelekwa jikoni.

Polisi feki wapo pia. Polisi wa kweli atataka pasipoti, hahitaji kuhesabu pochi yako "kutafuta noti bandia". Mwambie mtaenda kituoni, "karakol", au piga 112. Lakini mtu asidhani kila askari ni feki: maeneo ya Aksaray na Laleli ukaguzi wa hati kwa Waafrika ni wa kawaida, hivyo tembea na pasipoti yako halisi yenye muhuri wa kuingilia, ndani ya mfuko wenye zipu, siyo mfuko wa nyuma kwenye tramu ya T1.

Sasa kwa wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo, Mtaa wa Kongo na Eastleigh ya Nairobi. Laleli ni mtaa wa jumla. Bei unayotajiwa ni ya kipande, lakini unauziwa kwa "seri", yaani seti ya saizi mbalimbali za nguo moja, mara nyingi vipande vinne hadi sita. Uliza seri ina vipande vingapi na saizi zipi kabla ya kupiga hesabu, la sivyo utarudi na saizi ndogo zisizotoka. Wengi hufunga Jumapili, na Kapalıçarşı vilevile, kwa hiyo anayefika Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu amelipia hoteli ya kulala tu. Ukitoa kishika uchumba, uandikiwe kwenye karatasi yenye jina la duka, namba ya modeli, rangi, saizi na tarehe. Sampuli moja ondoka nayo. Katoni zikija, zifunguliwe mbele yako, hesabu, linganisha na sampuli, kisha gundisha upya na uweke sahihi yako kwa kalamu ya wino mzito ikivuka kiungo cha gundi. Malalamiko ya "nguo zilizobadilika njiani" huwa yamezaliwa dukani, kabla kago haijazigusa.

Na hiyo kago ya ndege haipimi uzito peke yake. Inachukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, inazidisha, inagawanya kwa 6,000. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 inahesabiwa kilo 20, hata kama ndani kuna magauni mepesi ya kilo 12. Wengine hugawanya kwa 5,000, na hapo katoni hiyo hiyo inakuwa kilo 24. Uliza wanagawanya kwa ngapi, kisha ubane mzigo: kutoa hewa kwenye mifuko ya nguo kunaokoa zaidi kuliko kubishania senti za kilo.

Pasipoti ikipotea, chukua ripoti ya polisi kwanza. Ubalozi wa Tanzania uko Ankara, na wa Kenya pia, kilomita 450 hivi kutoka Istanbul, kwa hiyo weka nakala ya pasipoti na viza kwenye simu, na nyingine iache kwa mtu wa nyumbani anayepokea simu usiku.

Wakala wa tiketi,
Kariakoo, Dar es Salaam