Kontena la soda kostiki halilipiwi kama la vigae

Karibu kila juma swali hili linarudi, na mara nyingi linakuja na hasira: "Papa, jirani alileta kontena la futi 20 la vigae kutoka Dar es Salaam, mimi nikaleta la futi 20 la soda kostiki. Barabara ni moja, mpaka ni Kasumbalesa ileile. Kwa nini fakturi yangu imepita yake?" Mama mmoja anayetengeneza sabuni ametuandikia sisi transiteri, tunaosafirisha mizigo na kuipitisha forodhani hadi Kongo, kwamba tumemwibia. Mama, hatukukuibia. Pesa yako ilikwenda hivi.

Vigae vikimwagika, unafagia. Soda kostiki ya vipande ni bidhaa hatari ya daraja la 8, vitu vinavyobabua, na namba yake ya Umoja wa Mataifa ni 1823. Inavuta unyevu hewani mpaka inageuka maji mazito, na maji hayo yakigusa aluminiamu au zinki yanatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo baharini inasafiri chini ya kanuni za IMDG, za kimataifa za kubeba bidhaa hatari kwa meli, ambazo ni za lazima tangu 1 Januari 2004. Kanuni hizo hazitofautishi mgodi mkubwa wa Kolwezi na fundi sabuni wa Katuba.

Kabla meli haijakubali mzigo, lazima kuwe na fishi ya usalama, karatasi inayoeleza hatari za bidhaa, yenye sehemu 16, na ya 14, ile ya usafirishaji, ndiyo tunayoisoma kwanza. Lazima kuwe na deklarasyo ya bidhaa hatari iliyosainiwa na anayetuma, cheti cha aliyepakia kontena, na uzito uliopimwa kweli, sharti lililoanza 1 Julai 2016. Mifuko ya kilo 25 iwe imechapwa alama ya UN kiwandani, inayoonyesha kwamba imepimwa kubeba bidhaa hatari. Mfuko wa kawaida, hata uwe mzito namna gani, haukubaliki. Nje ya kontena kunabandikwa mabango ya daraja pande zote nne, kila moja lisipungue milimita 250 kwa 250. Halafu kuna kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kupita Tanzania, kibali cha ZEMA, wakala wa mazingira, kwa Zambia, na huku kwetu Kongo FERI (fishi ya taarifa za mzigo) ya OGEFREM, ofisi ya usafirishaji wa mizigo, ukaguzi wa OCC, na forodha, DGDA. Kila karatasi ina ada yake na mtu wa kuifuatilia. Kamyo nayo inataka shofere aliyefundishwa, glovu, miwani na maji ya kutosha kuosha jicho kwa dakika 15 zisizokatika.

Sasa tufike kwenye ile njia ya mkato, maana karibu kila malalamiko yanatoka hapo. Mteja anamwambia muuzaji wake: "Andika tu malighafi ya sabuni." Muuzaji anakubali, kwa sababu yeye ameshalipwa. Nyongeza ambayo kampuni ya meli inatoza kwa bidhaa hatari inaepukwa, na kweli kontena linapakiwa kwa bei ya vigae.

Linakamatwa wapi? Mara nyingi kwenye karatasi, kabla hata ya kufunguliwa. Fakturi inasema soda, konosamenti, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, inasema malighafi, na namba ya ushuru inaonyesha haidroksidi ya sodiamu, jina la kikemia la soda kostiki. Karani akiona maneno matatu yasiyofanana anasimamisha. Kutoka hapo unalipa faini ya kampuni ya meli kwa deklarasyo ya uongo, unalipa kuhamishwa kwenda uwanja wa bidhaa hatari, kufunguliwa na kukaguliwa, konosamenti kuandikwa upya, na vibali vya nchi mbili kuombwa tangu mwanzo. Wakati huo siku za kukaa bandarini bila malipo zinaisha, na ada ya uwanja inaungana na ada ya kuchelewesha kontena. Ile nyongeza uliyoikimbia unailipa hata hivyo, kwa sababu mzigo haujaacha kuwa daraja la 8. Na ikitokea ajali, bima inasoma konosamenti na kukataa kulipa.

Mkato wa pili ni kuchanganya. Mtengeneza sabuni anataka soda na asidi ya sulfoniki ndani ya kontena moja ili alipe safari moja. Zote mbili ni daraja la 8, kwa hiyo anafikiri zinaelewana. Moja ni alkali, nyingine ni asidi: mapipa yakivuja zinakutana na kutoa joto kali. Hatutapakia hivyo, hata ukitishia kwenda kwa transiteri mwingine. Klorini ya unga ni mbaya zaidi. Ni daraja la 5.1, inachochea moto, na inaoza yenyewe ikipata joto. Usiiweke pamoja na asidi, mafuta wala sabuni iliyokwisha kutengenezwa.

Ukali wa bandari haukutoka hewani. Mei 2021 meli ya X-Press Pearl iliwaka karibu na Colombo, ikiwa na kontena la asidi ya nitriki iliyokuwa ikivuja; bandari za Qatar na India zilikuwa zimekataa kulishusha. Beirut, 4 Agosti 2020, tani 2,750 za nitrati ya amonia zilizokaa ghalani miaka zililipuka na kuua watu zaidi ya 200.

Wengine wanatuambia wamtume binamu aliye Dar akaangalie kontena. Hataingia. Tangu 1 Julai 2004 bandari zinafuata kanuni za usalama za ISPS, na asiye na kitambulisho cha bandari anaishia getini. Na ukileta asidi ya sulfuriki, usikasirike tukikuuliza itatumiwa na nani na wapi: imo katika orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, pamoja na asetoni na tolueni.

Kwa hiyo, kabla hujamtumia muuzaji hata dola moja, tuletee fishi ya usalama, picha ya mfuko au pipa inayoonyesha alama ya UN, na rasimu ya fakturi. Rasimu tunaisahihisha bila malipo. Konosamenti ikishatoka na meli ikishaondoka, kubadili neno moja tu tayari ni gharama.