Barua kwa mwanangu: wiki ya Oktoba kwenye mfereji wa Caledonian

Mwanangu Salma,

Hujambo, mama? Nimefurahi kusikia mmekodi boti mwishoni mwa Oktoba, kutoka Dochgarroch hadi Banavie, huko Uskoti. Mfereji huo uliofunguliwa mwaka 1822 una kilomita 97, lakini thuluthi moja tu ndiyo iliyochimbwa. Kwingine kote ni maziwa: Dochfour, Ness, Oich na Lochy. Kwenye mfereji mwendo usizidi noti 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, na hapo hakuna taabu. Taabu iko kwenye loki na kwenye ziwa la Loch Ness.

Loki ni chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma, cha kupandisha na kushusha boti. Wafunguaji wapo, kazi yenu ni kamba. Wekeni mbili, ya omo (mbele ya boti) na ya tezi (nyuma), kila moja kama mita 15, na mning'inize fenda, yaani maboya ya kuzuia boti isigonge ukuta, pande zote mbili. Fort Augustus kuna loki tano zilizofuatana, nanyi mtakuwa mnapanda. Maji huingia kwa nguvu kutoka mbele na kuisukuma omo, kwa hiyo mwenye kamba ya omo awe mtu mwenye nguvu za mikono. Izungushe kwenye nguzo mara moja tu, kisha uvute kila inapolegea. Mkishuka, kule Laggan, legezeni kidogo kidogo. Kamba usiifunge kamwe! Maji yakishuka nayo imefungwa, boti hubaki ikining'inia ukutani upande mmoja, na hapo ni kuikata kamba kwa kisu tu. Wala usijizungushie mkononi.

Loch Ness ina urefu wa kilomita 36 na imebanwa na milima, hivyo upepo wa kusini-magharibi huipita kama ndani ya bomba, na ndio mtakaoukabili mkienda. Mawimbi yake ni mafupi na yamesimama wima, mabaya kwa boti ya kukodi iliyo pana na nyepesi. Vukeni asubuhi, maana safari yenyewe huchukua muda wa saa tatu na ushei. Mkiona mapovu meupe, bakini gatini, hata siku nzima. Yakiwakuta katikati, punguza mwendo, uyakate mshazari, na ukimbilie ghuba ya Urquhart kama iko karibu. Habari za dubwana linalosemekana kuishi ziwani waachie watoto. La kuogopa humo ni baridi ya maji. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kutoka ndani.

Majani ya vuli ndiyo yatakayowasumbua kila siku. Huingia kwenye chujio la maji ya kupozea injini, nayo ikachemka. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, funga bomba la kuingizia maji, safisha chujio, kisha fungua tena bomba. Hili la mwisho ndilo watu husahau. Boti ikitetemeka na kukosa nguvu, pangaboi (feni ya chini ya maji inayoisukuma boti) limeshika majani: toa gia, tia ya nyuma sekunde chache, mara nyingi hutoka.

Mkipika kwa gesi, acheni dirisha wazi kidogo, hata kama kuna baridi.

Jua huzama kabla ya saa 12 jioni, na Jumapili ya mwisho ya mwezi saa hurudishwa nyuma, basi giza litaingia mapema zaidi. Fikeni Fort Augustus mchana, maana kupanda tu huchukua takriban saa nzima. Banavie msishuke zile loki nane. Fungeni boti juu yake, mshuke kwa miguu. Mawingu yakiruhusu, mtauona Ben Nevis kutoka hapo hapo.

Baba yako